Mbwa wa Babu hakufundishwa na mtu, na fimbo si mwalimu

Najua nimepotea wiki tatu. Testi zilifuatana kama mabehewa, bumu limechelewa, na chumbani kwetu tumerudi kwenye ratiba ya uji asubuhi na maharage usiku. Lakini leo nina jambo limenikaa kooni, na nisipolitoa hapa nitalitoa kwenye karatasi ya mtihani nikapate supu bure.

Juzi jioni tulikuwa kimbwetani, watu sita wa kozi moja, tunajisomea saikolojia ya elimu. Tukapita kwa Pavlov na mbwa wake wanaodondosha mate, tukaenda kwa Skinner na njiwa na panya wake. Jamaa yetu mmoja (simtaji, anajijua, na bado ananidai elfu tano) akafunga daftari akasema: "Kwa kifupi, mbwa na mtoto wa kidato cha kwanza ni kitu kimoja. Wote wanakuja watupu. Ukitaka wajue kitu ni chakula na fimbo. Hasa fimbo." Watu wakacheka, mmoja akagonga meza. Mimi sikucheka. Nilimkumbuka Waache.

Waache ni mbwa wa Babu mzaa mama, kule kijijini Shinyanga. Mbwa wa kienyeji, yule ambaye ninyi wa mjini mnamwita mbwa koko: rangi ya udongo, sikio moja limesimama, lingine limeanguka. Jina alipewa kwa ajili ya majirani waliokuwa wanamsema Babu. Kila Babu akimwita mbwa wake kwa sauti, ujumbe unafika. Majina ya mbwa kwetu mnayajua, hayatolewi hivi hivi.

Mama yake alikuwa mbwa wa kazi kweli, alikuwa anafukuza nungunungu mihogoni usiku. Lakini aligongwa na lori Waache akiwa na wiki saba tu. Naomba mlishike hilo. Wiki saba. Hakuwahi kwenda porini na mama yake hata siku moja. Alikulia uani na watoto wa mbuzi, anakula ugali uliobaki, analala chini ya kihenge.

Mwezi wa sita nilikuwa nyumbani. Nikatumwa kwa Shangazi, kijiji cha pili, nimpelekee karanga. Mwendo wa saa mbili kwa miguu. Waache alikuwa na miezi minane, akanifuata. Sikumfunga kamba, na wala hatukuwa na kamba ya mbwa pale nyumbani. Na kabla hamjaniuliza: hatukuwa tunawinda. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 iko wazi, bila kibali huwindi, na sina mpango wa kumalizia digrii yangu mahabusu. Nilikuwa natembea tu, na mbwa anatembea.

Mita mia za kwanza alikuwa chizi. Anaruka, anauma kandambili zangu, anabweka kuku. Tulipovuka nyumba ya mwisho na kuingia mashamba ya pamba yaliyokwishavunwa, akabadilika kabisa. Akanyamaza. Pua ikapanda juu badala ya kushuka chini. Upepo ulikuwa unatupiga usoni kutoka mashariki, na yule mbwa akaanza kuukata: anakwenda kushoto kama hatua hamsini, anageuka, anapita mbele yangu, anakwenda kulia hatua hamsini, anageuka tena. Njia nzima hivyo, kama mtu anayepiga deki darasa.

Mwanzoni nilidhani anacheza. Baadaye nikaelewa. Harufu ya mnyama haikai mahali pamoja, inabebwa na upepo na kutawanyika, nyembamba karibu na mnyama, pana kadiri inavyokwenda mbali. Ukitaka kuikuta, usiende moja kwa moja kuukabili upepo. Uukate kwa upana, na pua itagusa ukingo wa ile harufu. Nani alimfundisha hesabu hiyo? Mimi mwenyewe niliielewa nikiwa na miaka ishirini na mbili, kwa kumtazama yeye.

Jambo la pili. Kila baada ya dakika mbili tatu anasimama, anageuka kunitazama, halafu anaendelea. Nikajificha nyuma ya mgunga kumjaribu. Akarudi mbio, akanusa, akanikuta, akanitazama kwa dharau, akarudi kazini kwake. Hakuna kamba, hakuna filimbi, hakuna fimbo. Lakini hakuniacha. Mbwa wa namna hii hatembei peke yake kichwani mwake, anatembea na wewe.

Jambo la tatu lilitokea tulipofika ngitili. Kwa wasiotoka kwetu: ngitili ni eneo linalofungwa mvua zikianza, majani na miti viachwe vikue, kisha mifugo iingizwe kiangazi kikikaza. Shinyanga ilifyekwa vichaka sana miaka ya 1920 na 1930, Waingereza chini ya Swynnerton wakipigana na mbung'o, na baadaye pamba, kuni na mifugo vikamalizia palipobaki. Mradi wa HASHI ulianza mwaka 1986, wazee wakafufua ngitili zao, na ndiyo maana leo kwale ana mahali pa kujificha. Sasa pale pembeni ya ngitili, kwenye njia, Waache akaganda. Mguu mmoja wa mbele umekunjwa hewani, mkia umenyooka, mwili mzima kama sanamu, isipokuwa pua. Nikasogea hatua tatu, na kwale wawili wakaruka kutoka kwenye majani karibu na miguu yangu. Moyo ulinipasuka. Waache akakimbia kama hatua ishirini, akasimama, akageuka kunitazama kama vile kosa ni langu. Kiukweli lilikuwa langu.

Niliporudi nikamsimulia Babu, nikamuuliza, "Babu, ulimfundisha lini?" Babu akaendelea kumenya karanga. "Mjukuu wangu, kwetu zamani kulikuwa na Banunguli, wawindaji wa nungunungu, watu wa kuingia mashimoni. Wale walijua mbwa. Mbwa haanzishwi. Mbwa anaelekezwa."

Sasa turudi kimbwetani, maana jamaa yangu atasema hizo ni hadithi za babu. Haya, tuongee kwa vitabu.

Kwanza, Pavlov hakumfundisha mbwa yeyote kudondosha mate. Mbwa alikuja na mate yake! Alichojifunza ni kuyaunganisha na sauti. Yaani hata jaribio mnalolitumia kusema mbwa anakuja mtupu, linaanza na kitu ambacho mbwa alizaliwa nacho. Hilo mnalipita haraka kwa sababu halipo kwenye maswali ya miaka iliyopita.

Pili, Keller na Marian Breland. Hawa walikuwa wanafunzi wa Skinner mwenyewe. Waliacha chuo wakafungua biashara ya kufundisha wanyama kwa ajili ya maonyesho na matangazo, kwa mbinu zile zile za zawadi. Mwaka 1961 wakaandika makala ya kukiri yaliyowashinda. Walimfundisha nguruwe abebe sarafu kubwa za mbao akaziweke kwenye kibubu, na akiziweka anapata chakula. Wiki za mwanzo, safi kabisa. Halafu nguruwe akaanza kuangusha sarafu njiani, anaifukua kwa pua, anaitupa juu, anaifukua tena, huku njaa inamuuma na chakula anakiona. Unguruwe ulikuwa unarudi. Wanafunzi wa Skinner wakasema wazi kwamba mnyama haingii maabara akiwa karatasi nyeupe. Mwaka 1961, wadau! Na sisi bado tunagonga meza.

Tatu, mwaka 2001 Raymond na Lorna Coppinger walitoa kitabu kuhusu mbwa, na baadhi ya mbwa walioandika habari zao wako Pemba hapa hapa, mbwa wa vijijini. Wanaeleza kwamba kuwinda kwa mbwa ni mnyororo: kutazama, kunyatia, kukimbiza, kukamata, kuua. Kila aina ya mbwa ina pete za mnyororo zilizokazwa na nyingine zilizolegea. Mbwa wa kuchunga kondoo ananyatia na kukimbiza lakini haumi. Mbwa wa ndege anaganda pale kwenye kunyatia. Basi Waache kuganda mbele ya kwale ni pete moja ya mnyororo wa kale kuliko shule zote duniani.

Nne, na hii naipenda kuliko zote. Yule ndege wa asali anayeita watu mpaka kwenye nyuki, anayefanya kazi na Wahadzabe kule Ziwa Eyasi. Mama yake hutaga kwenye kiota cha ndege wa aina nyingine na kuondoka. Kifaranga analelewa na wageni wasiojua lolote kuhusu kuongoza watu kwenye asali. Akikua, anaongoza. Lakini utafiti uliotoka mwaka 2023 ulionyesha pia kwamba ndege hao hujifunza mwito wa watu wa eneo lao: wa Tanzania huitikia zaidi miluzi ya Wahadzabe, na wale wa Niassa kule Msumbiji huitikia zaidi mwito wa Wayao. Mnaona? Hamu ya kazi anazaliwa nayo. Lugha ya kazi anajifunza. Babu alisema hilo hilo kwa maneno manne, na hajawahi kukaa kimbwetani.

Ingekuwa habari imeishia hapo ningeandika kwa furaha. Haikuishia hapo.

Mwezi wa saba Mjomba alikuja kutoka Geita. Ana hisa kwenye karasha moja maeneo ya Nyarugusu, wezi wa mawe wanamsumbua, akamwomba Babu mbwa. Babu hakumnyima mwanawe. Mwisho wa mwezi huo mimi nikapangiwa fildi ya kufundisha Geita, nikafikia kwa Mjomba. Siku ya kwanza nikauliza, "Waache yuko wapi?" Nikaonyeshwa.

Alikuwa kwenye mnyororo wa mita kama mbili, umefungwa kwenye nguzo ya karasha, mchana na usiku. Wanaojua karasha wanajua ile kelele na lile vumbi jeupe. Alikuwa amechimba mfereji ardhini kwa kuzunguka nusu duara ile ile. Kuku akipita mbali anatetemeka mwili mzima. Anarukia vivuli. Anabwekea kila kitu: mwizi, mama ntilie, mtoto, punda. Akibweka sana anapigwa kwa kuwa anasumbua. Mwizi akipita naye amenyamaza, anapigwa kwa kuwa hajabweka. Nikamwambia Mjomba kwa heshima, "Mjomba, huyu ni mbwa wa kutembea, mfungue hata asubuhi nitembee naye." Akajibu, "Mpwa, hapa ni machimboni. Mbwa wa machimboni anafundishwa na mnyororo."

Niseme ukweli, Mjomba alikuwa na hoja. Kule kuna maduara yaliyoachwa wazi kila mahali, hata mtu mzima anatumbukia usiku. Kuna zebaki kwenye maji ya mialo. Mbwa huru kule anaweza asifike jioni. Na mimi mwenyewe nilikuwa nikitoka asubuhi kwenda shuleni na kurudi giza limeingia, nikajiambia nitalisema tena Jumapili. Jumapili zikapita tatu.

Wiki ya nne mnyororo ukakatika. Akaua kuku wawili wa jirani ndani ya dakika chache, na mtoto wa jirani alipojaribu kumwondoa akamuuma mkononi. Mtoto wa miaka saba. Tukaosha kidonda kwa maji mengi na sabuni robo saa nzima, tukakimbilia hospitali, akaanza chanjo ya kichaa cha mbwa. Kwa sababu, sikieni aibu hii, Waache hakuwa amechanjwa. Babu alisahau, Mjomba hakuuliza, na mimi msomi wa ukoo sikukumbuka.

Tuliporudi, vijana walikuwa wameshika mapanga na mawe. "Huyo ameshakuwa kichaa, auawe." Mjomba akakubali. Niliomba nusura nipige magoti: afungiwe siku kumi aangaliwe, maana mbwa aliyeuma akiwa na kichaa hafiki siku kumi akiwa mzima, na kumuua hovyo kunatunyima jibu kuhusu mtoto. Akafungiwa bandani. Siku kumi zile sikulala vizuri. Siku ya kumi na moja alikuwa anakula ugali kama kawaida. Mtoto naye ni mzima, ashukuriwe Mungu, lakini alichomwa sindano na aliumia, na sitamwambia mama yake kwamba tatizo ni falsafa.

Sasa mniambie, nani alimuuma yule mtoto? Mnaosema fimbo ndiyo mwalimu, Waache alipata fimbo kuliko mbwa yeyote ninayemjua. Wiki nne! Ikamfundisha nini? Haikumpa kazi mpya, na ile aliyozaliwa nayo haikuondoka. Ule mnyororo wa kutazama, kunyatia, kukimbiza, kukamata, ulibaki mle mle ndani unachemka bila pa kutokea, na siku ulipotokea ulitokea kwa kuku na kwa mtoto. Yule aliyeganda mbele ya kwale na yule aliyeua kuku ni mbwa mmoja. Tofauti ni sisi tuliokuwa naye.

Najua mtasema nataka mbwa wote wazurure. Sijasema hivyo. Mbwa achanjwe, hili halina mjadala. Afundishwe kuitwa na kurudi kabla hajavuka nyumba ya mwisho. Akulie na kuku na mbuzi akiwa mdogo, na mtu awe naye. Asipelekwe hifadhini, asiachiwe kwenye maduara. Haya yote ni mafunzo, na yanataka muda na miguu ya mtu. Fimbo tunaipenda kwa sababu haitaki muda.

Na hapa ndipo jamaa yangu wa kimbwetani aliponigusa pabaya. Msinielewe vibaya, sisemi mtoto ni mbwa; aliyesema ni yeye. Mimi nasema kama hata mbwa haji mtupu, mtoto atakujaje mtupu? Kwenye fildi hiyo hiyo, shule moja ya sekondari ambayo siitaji, nilikuwa na kijana wa kidato cha kwanza asiyekaa. Anainuka, anazunguka, anafungua kalamu za wenzake aone springi, aliwahi kulifungua kufuli la kabati la darasa kwa waya. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 tunazijua wote: visizidi vinne, atoe mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu, na viandikwe kitabuni. Wangapi mmeviona vikiandikwa? Siku moja, nimechoka, jua kali, wanafunzi zaidi ya tisini, nilimchapa. Mimi. Vitatu vya mkono, bila ruhusa ya mtu, bila kitabu. Akakaa. Akakaa mpaka fildi yangu ikaisha. Walimu wenzangu wakanipongeza kwamba sasa nimekuwa mwalimu.

Hakufungua kalamu tena. Hakuuliza swali tena pia. Nilipata darasa tulivu, na sijui nilizima nini.

Kwa hiyo siku ile kimbwetani sikucheka, na ndiyo maana leo naandika. Mwakani sisi sita tutakuwa na madarasa yetu, labda Geita, labda Kishapu, labda Kahama. Tutapewa watoto waliokuja na pua zao, kila mmoja na upepo wake. Tukiingia tunaamini ni magunia matupu, tutafanya kazi ya mnyororo na kuiita ualimu.

Waache nilimrudisha Shinyanga mwisho wa fildi, juu ya lori la mchele, dereva kanitoza kama abiria wawili. Ameshachanjwa. Jana nimempigia Babu simu. Anasema mbwa ameanza kutembea naye tena mpaka ngitili, na juzi aliganda, mguu juu, kwale wakaruka. Nilifurahi nikapiga kelele, rumeti akashtuka. Halafu Babu akaongeza, "Lakini nikiinua mkono, hata kujikuna kichwa, analala chini anafumba macho."

Hilo hakuzaliwa nalo. Hilo alifundishwa.

Naomba kuwasilisha. Na wewe uliyefunga daftari, elfu tano yako nitakupa bumu likitoka, ila ule usemi wako sikulipii.